Filimbi Haitoshi



Ukitaka kujua mwalimu wa michezo hupatikana vipi katika shule zetu nyingi, ngoja mwalimu mpya aripoti kazini. Akiwa kijana, akiwa mwanamume, na jioni ya kwanza akaonekana amevaa raba, shughuli imekwisha. Kesho yake atakabidhiwa filimbi, mpira mmoja uliopungua upepo na ufunguo wa stoo, na tangu hapo ataitwa mwalimu wa michezo hadi siku atakapohamishwa. Kwamba chuoni alisomea Historia na Kiswahili, hakuna anayeuliza. Maabara ya kemia hatumpi mtu kwa sababu tu ana koti jeupe, lakini uwanja wenye watoto mia moja, na mioyo yao, na magoti yao, na pumzi zao, tunampa yeyote mwenye miguu myepesi.

Simlaumu kijana huyo. Wengi wao wanajituma, na wapo wanaonunua mpira kwa mshahara wao. Ninachotaka tuzungumze leo ni kazi yenyewe. Inasomewa, ina vyuo vyake, na aliyeisomea hafanani sana na picha tuliyonayo ya mtu wa kupuliza filimbi na kufoka pembeni ya uwanja.

Vyuo vyenyewe vipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya ualimu wa elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Butimba, pale Mwanza, ni chuo cha ualimu kinachojulikana kwa michezo, muziki na sanaa. Katika mkoa huohuo, ukielekea Kwimba, utakuta Malya, Chuo cha Maendeleo ya Michezo, kinachoandaa walimu na viongozi wa michezo. Majirani zetu wa Kenya wana Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho walimu wengi wa somo hili nchini humo wamepitia.

Kijana anayeingia huko akidhani amekwenda kucheza mpira apewe cheti hushtuka mapema. Anakuta mifupa. Anakuta majina ya misuli, mzunguko wa damu, namna mapafu yanavyobeba hewa mtu anapopanda kilima. Anajifunza kwamba mfupa wa mtoto bado haujakomaa: karibu na viungo kuna sehemu ya gegedu ambako urefu unaongezeka, na sehemu hiyo hubaki laini hadi kuelekea mwisho wa balehe. Ndiyo maana kijana wa miaka 13 anayekimbizwa na kurushwarushwa kila siku huanza kulalamika maumivu chini ya goti, pale kwenye nundu ya mfupa wa ugoko. Kocha wa mtaani atamwambia akaze moyo. Aliyesoma anajua maumivu yale yanatoka wapi, na atampunguzia kuruka na kukimbia bila kumwondoa kundini.

Kisha kuna kufundisha kwenyewe. Kujua kurusha tufe ni jambo moja, kumfundisha mtoto aliyezoea kurusha mawe ya maembe ni jambo jingine. Mwanachuo hujifunza kuuvunja mwendo vipande vipande: mguu ukae wapi, kiuno kigeuke lini, mkono uachie lini. Hujifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kama mwalimu wa Hisabati, kwa dakika zilezile 40, kuanzia kupasha mwili moto hadi kuupoza. Na hapo ndipo wachezaji hodari wa mpira huanguka mitihani, kwa sababu wao mpira uliwajia wenyewe, hawakuwahi kuona hatua zake.

Sasa tusogee kwenye afya, kwa maana mwalimu huyu amebeba majukumu mawili, na hili la pili ndilo tunalolisahau.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na selimundu. Wanakadiriwa kuwa 11,000 kila mwaka. Baadhi yao wako darasani, na mwalimu asiyejua humwona mtoto huyo kuwa mvivu: anachoka haraka, anaomba maji, anaomba kukaa. Anamlazimisha amalize mizunguko kama wenzake. Mwili ukikaukiwa maji na oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu yake hujikunja kama mundu na kuziba njia, na usiku mtoto analia kwa maumivu ya mifupa wakati mwalimu amelala. Aliyefunzwa hamfukuzi mtoto huyo uwanjani. Anamwachia anywe maji kila anapotaka, anampumzisha kabla hajachoka kabisa, hamshindanishi mbio za kukata pumzi, na hamwachi asimame kwenye mvua na baridi. Mtoto anacheza, lakini kwa kipimo chake.

Chukua na kifafa. Mtoto anaanguka katikati ya uwanja, anatetemeka, povu linatoka. Wenzake wanakimbia kwa kuwa nyumbani waliambiwa povu linaambukiza. Mtu mzima mwenye nia njema anakuja na kijiko amtie mdomoni. Povu haliambukizi, jamani, na kijiko huvunja meno. Mwalimu anatakiwa aondoe mawe na vitu vya hatari, amlaze mtoto ubavu, asimkandamize, atazame saa. Zikipita dakika 5 bila kutulia, hospitali. Hayo ni mafunzo ya mchana mmoja tu wa huduma ya kwanza, na yanapaswa kuwa kichwani mwa kila anayekabidhiwa filimbi.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Niambieni, ni lini mara ya mwisho mlimwona mtoto wa shule akiruka kichura kwa sababu ni zoezi zuri la misuli ya mapaja? Kichura chetu ni adhabu. Kuchelewa, kichura. Kelele darasani, kichura. Kushindwa jedwali la saba, zunguka uwanja mara kumi. Kupiga magoti juani, kunyoosha mikono juu hadi mabega yawake moto, pushapu kwa aliyesahau daftari. Tumechukua karibu kila zoezi ambalo mwalimu wa elimu ya viungo angelitumia kumjenga mtoto, tukaligeuza fimbo. Halafu mtu akifika miaka 45, daktari akamwambia sukari imepanda na presha si nzuri, aanze mazoezi, tunashangaa anapoyakimbia. Alifundishwa tangu darasa la pili kwamba mwili hutokwa jasho pale mtu anapokuwa na kosa.

Hata mchakamchaka, ambao wengi tuliolelewa nao tunaukumbuka kwa furaha, ulikuwa na sura mbili. Waliokuwa mbele waliimba. Waliokuwa nyuma walikimbizwa na kiranja mwenye kiboko. Mimi naupenda mchakamchaka, sitaki ufe, watoto wanakimbia pamoja kwa sauti moja na hakuna anayehitaji vifaa. Ila mwalimu aliyesomea angekimbia nyuma, huko walikobaki wanene, wenye pumu na wasiokunywa chai, na angemnyang'anya kiranja kile kiboko.

Huko nyuma ndiko kazi yake iliko hasa. Mtoto anayekimbia mbele hamhitaji sana. Yule atacheza tu, awe na mwalimu au asiwe naye. Atachaguliwa kwenda UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, akifika sekondari ataitwa UMISSETA, na yakifika mashindano ya taifa, yawe Mtwara au Tabora kama ilivyowahi kuwa, atapanda basi na jezi ya mkoa. Ni jambo jema, na nakumbuka jinsi mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yaliposimamishwa kwa hoja kwamba yanaharibu masomo, na pengo lililobaki hadi yaliporejeshwa. Lakini hesabuni: shule yenye wanafunzi 700 inapeleka wachezaji wangapi? Ishirini? Hao 680 waliobaki ndio darasa la mwalimu wa elimu ya viungo. Shule inayojisifu kwa kombe kabatini inaweza ikawa haijafundisha elimu ya viungo hata wiki moja.

Najua nitajibiwa kwa habari ya Iten. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika shule ya St. Patrick's huko Iten, Bonde la Ufa nchini Kenya, kufundisha Jiografia. Hakuwa amesomea riadha. Na bado mikononi mwake alipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 huko Seoul mwaka 1988, na baadaye David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012. Sasa chuo cha nini?

Namheshimu sana Bruda Colm, na wanaomfahamu husema siri yake ni kutazama na kusubiri, jambo ambalo makocha wengi hawaliwezi. Lakini huyu ni mtu aliyekaa mahali pamoja miongo kadhaa akijifunza kazi kila siku, tena akiwa na watoto wa nyanda za juu wenye vipaji ambavyo hata kipofu angevisikia vikipita. Alikuwa kocha, na kazi ya kocha ni kumnoa aliyechaguliwa. Mwalimu hana nafasi ya kuchagua. Anapewa darasa zima la 3B, na mtoto asiyeweza kudaka mpira hata ukitupwa taratibu ni wake.

Twende basi uwanjani na hiyo 3B. Watoto 80, mpira mmoja, dakika 40. Gawanya mwenyewe: kila mtoto ana nusu dakika ya kuugusa mpira, kama wangeugawana sawa, na hawaugawani sawa. Vijana kumi wenye nguvu wanaumiliki, wasichana wanakaa chini ya mwembe wakisukana, na mtoto mwenye mguu mbovu ameshika masweta ya wenzake. Ukipita barabarani utasema, tazama, watoto wanacheza. Wanaocheza ni kumi.

Mwalimu aliyefunzwa anaitazama hali ileile kwa jicho jingine. Anagawa uwanja vituo vitano au sita. Hapa kamba, hapa kuruka mistari iliyochorwa mchangani, pale kulenga shabaha kwa mipira ya matambara, kule kupokezana kijiti. Kila dakika chache anapiga filimbi, makundi yanahama. Akiwa na mtoto kiziwi, pamoja na filimbi anapunga kitambaa. Mtoto mwenye ualbino anamwekea kituo cha kivulini, anahakikisha kofia na mikono mirefu ipo, na mpira anaotumia una rangi kali ili auone. Vifaa hivyo havihitaji mfadhili. Soksi kuukuu na vitambaa kutoka kwa fundi cherehani vinatoa mipira kumi kwa mchana mmoja, na tangu mifuko ya plastiki, iliyokuwa ikifungwa kuwa mipira, ipigwe marufuku mwezi Juni 2019, matambara yamerudi kwenye heshima yake.

Na michezo ya kufundishia tunayo. Rede peke yake ni somo zima. Wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Humo mna kurusha kwa shabaha, kukwepa, kubadili mwelekeo ghafla, kuinama, kuhesabu na kutulia akili wakati unawindwa. Mwalimu wa Ulaya angelipa fedha kuletewa mchezo huo, wakati sisi tunauona ni wa wasichana wa nyuma ya nyumba. Kombolela, kuruka kamba, mdako kwa ajili ya vidole na jicho, vyote vimekaa hapo vinasubiri mtu wa kuviandikia andalio la somo.

Kuhusu wasichana nitasema wazi. Wanapofika darasa la sita na la saba, wengi wao hujitoa michezoni kimyakimya. Mwalimu mwanamume anasema hawapendi. Muulize shule ina choo chenye mlango na maji? Kuna mahali pa kubadilisha nguo? Msichana aliye kwenye hedhi atakimbiaje mbele ya wavulana bila taulo la kuaminika? Mafunzo ya afya chuoni yanamlazimisha mwanachuo, hata awe mwanamume wa miaka 22 anayeona haya, kuzungumza mambo hayo kwa maneno ya kawaida. Mwambao na Visiwani kuna suala la vazi pia, na halihitaji ugomvi: suruali pana, fulana ya mikono mirefu, hijabu iliyofungwa vizuri, mtoto anakimbia. Tunachohitaji zaidi ni walimu wanawake wengi kwenye fani hii, na mzazi anayekubali binti yake aisomee bila kumwambia huo ni uhuni.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa nje hawatusaidii nalo sana. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na kwa takwimu za mwaka 2016 vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango kinachotosha. Sawa. Mtoto wa Mikocheni, Dar es Salaam, anayechukuliwa mlangoni na basi la shule na kurudishwa mlangoni, habari hiyo inamhusu moja kwa moja. Lakini mtoto wa kijijini Kwimba aliyetembea kilomita nne kuja shule, akarudi, akachota maji, akachunga? Dakika zake 60 alizimaliza kabla ya kengele ya kwanza. Yeye hakosi jasho. Anakosa uji wa saa nne, anakosa kupumzika, na anakosa stadi, kama vile kuogelea. Mwalimu mzuri huuliza kwanza wamekula nini, ndipo apange somo. Kumkimbiza mtoto mwenye njaa saa sita mchana ni kutojua kazi, na andalio lako liwe limeandikwa vizuri namna gani haliokoi kitu.

Sasa mbona walimu hawa hatuwaoni? Sehemu ya jibu iko kwenye ratiba. Katika shule za msingi, kwa miaka mingi somo lenyewe limekuwa likikaa chumba kimoja na jingine. Tuliwahi kuwa na Haiba na Michezo, tukaja kwenye Michezo na Sanaa kwa madarasa ya chini, na mtaala wa 2023 umeleta Sanaa na Michezo. Kenya nako, baada ya kupunguza idadi ya masomo ya sekondari ya chini, michezo imeunganishwa na sanaa. Kuunganisha si dhambi, ila mwalimu aliyesomea kuchora atafundisha kuchora, na aliyesomea muziki ataimba, na mwisho wa muhula uwanja umeota majani. Kidato cha nne elimu ya viungo ni somo la mtihani wa taifa, lakini shule zinazolifundisha ni chache.

Sehemu ya pili ni kwamba mtoto mmoja wa shule ana wakubwa wengi. Mtaala uko Wizara ya Elimu, mwalimu wake yuko chini ya TAMISEMI, chuo cha Malya kiko chini ya wizara ya michezo, na kadi yake ya kliniki iko Wizara ya Afya. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulikia.

Na sehemu ya tatu iko ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwanachuo wa elimu ya viungo anapokwenda mazoezi ya kufundisha, mara nyingi jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba shule ina upungufu wa walimu wa Hisabati. Atafundisha Hisabati. Michezo atashughulika nayo jioni, Ijumaa, mvua isiponyesha. Mkufunzi wake akija kumkagua, darasa linatolewa nje haraka, koni zinapangwa, picha inapigwa. Mkufunzi akiondoka, koni zinarudi stoo. Kijana huyo tumemfundisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kazi yake, na kwamba kazi yake haina maana. Akiajiriwa, atakumbuka lile la pili.

Darasa la saba ndilo linaloumia kuliko yote. Mtihani ukikaribia, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuuzwa. Nimewasikia walimu wakuu wakisema wanafanya hivyo kwa faida ya mtoto. Mtoto amekaa kwenye dawati tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wanne kwenye dawati la watatu, na sisi tunaongeza saa moja nyingine ya kukaa tukitarajia akili ifunguke. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha kipindi cha mwisho anajua sura zile: macho yako ubaoni na kichwa kimeshaondoka.

Basi ombi langu leo nalielekeza kwa watu wawili. Wewe uliyemaliza kidato cha nne au cha sita na unajaza fomu za chuo, kama unapenda watoto kuliko unavyopenda kushangiliwa, fani hii inakuhitaji, na hasa wewe dada. Na wewe mjumbe wa kamati ya shule, mkutano ujao ukifika kwenye mengineyo, nyoosha mkono uombe ratiba ya wiki. Tafuta kipindi cha michezo kiko siku gani na saa ngapi, uliza nani anakifundisha na alisomea wapi. Kisha siku hiyo, saa hiyo, pita shuleni ukaone kama watoto wako nje.